Rubani, Mlenga Shabaha, na Mtu Aliye Chini



Katika mikutano ya vikundi vyetu vya parokia kuna swali linalorudi mara kwa mara, na kila linaporudi hupewa majibu ya haraka mno: je, kijana Mkristo anaweza kupenda ndege za kivita za zamani na mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki? Wapo kati yenu wanaojua kwa moyo ndege za vita vya mwaka 1914 hadi 1918, upana wa mabawa yake, nguvu ya injini zake, na hesabu ya ndege alizoangusha huyu na yule. Wapo pia wanaotazama kwenye simu mashindano ya Ulaya ya kupiga sahani za udongo zinazorushwa hewani, nao hutamani siku moja kujaribu. Wakubwa huwajibu kwamba mambo hayo ni ya damu, yaachwe. Vijana hujibu kwamba chuma ni chuma tu, hakina dhambi. Naona majibu yote mawili yanalikwepa swali.

Mimi ni mmoja wa wanaopenda picha za ndege hizo, na nitaitetea haki yenu ya kuzipenda. Ila ninayo hoja moja ninayotaka muipime. Anayempenda rubani na mlenga shabaha bila kumtafuta mtu aliyekuwa chini, au aliyekuwa mbele ya mtutu, amependa nusu tu ya jambo. Na ile nusu nyingine, kwetu Wakongo, ina majina ya mahali tunapopajua.

Tuanze na uzuri wake, kwa maana asiyeuona uzuri wa kitu hafai kuwashauri wanaokipenda. Ndege ya mwaka 1915 ilikuwa nyepesi kuliko wengi wanavyodhani: mifupa ya mbao, nyaya za chuma za kuikaza, na kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa hata kikakazika kama ngozi ya ngoma. Seremala na mshonaji walifanya kazi kubwa katika kuiunda kuliko mhunzi. Nyingi zilikuwa na injini ya ajabu, ambayo silinda zake zenyewe zilizunguka pamoja na rafadha, yaani ile panga ya mbele inayovuta ndege, ili zipoozwe na upepo. Injini hiyo ilihitaji mafuta ya mbarika, mmea ule ule unaoota nyuma ya nyumba zetu na ambao wengine huuita nyonyo, kwa sababu mafuta hayo hayachanganyiki kwa urahisi na petroli. Yalitoka pamoja na moshi yakamrudia rubani usoni, naye akayavuta na kuyameza muda wote alipokuwa juu. Matokeo yake tumboni mnaweza kuyakisia wenyewe.

Kisha lilikuja tatizo la bunduki. Mwanzoni marubani walipeleleza tu, na walipokutana na adui walirushiana risasi za bastola na bunduki za kawaida, mara nyingi bila kudhuriana. Tarehe 5 Oktoba 1914, karibu na mji wa Reims, Wafaransa wawili, Joseph Frantz na Louis Quenault, waliiangusha ndege ya Kijerumani kwa bunduki ya rashasha. Ndiyo ndege ya kwanza kuangushwa na nyingine kwa risasi. Lakini njia iliyo rahisi ya kulenga ni kuielekeza ndege yenyewe kwa adui, na mbele ya ndege ipo rafadha. Ukipiga risasi kupitia hapo utaikata panga yako mwenyewe. Mfaransa Roland Garros alijaribu kuifunga rafadha yake vipande vya chuma vya kukinga risasi, akafaulu kwa majuma machache, kisha mwezi Aprili 1915 akalazimika kutua upande wa Wajerumani. Muda mfupi baadaye Anthony Fokker, Mholanzi aliyekuwa akiwaundia Wajerumani ndege, alileta pamoja na mafundi wake chombo kinachoendeshwa na injini yenyewe, ambacho huifyatua bunduki pale tu panga inapokuwa haipo mbele ya mtutu. Kijana mwenye akili ya ufundi akikielewa chombo hicho hufurahi, na sioni sababu ya kumnyima furaha hiyo.

Elimu nyingine iliyotakiwa ni ile ya kulenga, nayo ndiyo inayowaunganisha marubani wale na wachezaji wa leo. Sahani ya mchezo ina upana wa sentimita 11. Hufanywa kwa lami na unga wa chokaa, nayo hurushwa na mashine kwa mwendo wa kama meta 20 kwa sekunde. Mchezaji hushika bunduki ya marisau, ile iitwayo kwetu kalibre 12. Marisau hayo huhitaji zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kufika umbali wa meta 40. Ni kama kupepesa jicho, lakini katika kupepesa huko sahani imekwisha kusogea zaidi ya meta mbili. Anayeilenga pale ilipo ataikosa. Hana budi kupiga hewa tupu, mahali ambapo sahani bado haijafika. Angani hesabu ni hiyo hiyo, ila kubwa zaidi. Ndege inayokatiza kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, ikiwa umbali wa meta 100, husogea zaidi ya meta tano kabla risasi haijaifikia, karibu urefu wote wa ndege ndogo ya siku zile. Wachache sana waliweza kuipiga hesabu hiyo kichwani huku wakiyumbishwa na upepo, na wengi wa hao wachache walikuwa wameizoea tangu utotoni. William Bishop wa Kanada, anayehesabiwa ushindi mara 72, alijifunza kulenga akiwa mtoto kwa kuwapiga kindi. René Fonck wa Ufaransa, mwenye ushindi mara 75, alisifiwa kwa kutumia risasi chache mno.

Wa kwanza kati yao wote kwa umaarufu ni Mjerumani Manfred von Richthofen, aliyeitwa Baroni Mwekundu kwa sababu ya rangi ya ndege yake. Alikuwa mwindaji kabla hajawa rubani, na hata alipopewa likizo mwezi Mei 1917 alikwenda kuwinda nyati wa Ulaya katika msitu wa mwinyi wa Pless. Kwa kila ndege aliyoiangusha alimwagiza sonara wa Berlin kikombe kidogo cha fedha, kimechorwa tarehe na aina ya ndege. Vikombe vilifika 60, fedha ikaadimika Ujerumani, na desturi hiyo ikakoma; kuangusha hakukukoma. Alifikisha ushindi wa 80, akauawa tarehe 21 Aprili 1918 akiwa na miaka 25. Katika kitabu chake alieleza kwamba akishaiangusha ndege ya Mwingereza, hamu yake ya kuwinda hutulia kwa muda wa robo saa hivi.

Simtaji ili tumhukumu. Namtaja kwa sababu alisema waziwazi jambo ambalo wengine walilipamba. Hesabu ile ya ushindi, ambayo baadhi yenu mnaijua vizuri kuliko majina ya mitume, ni hesabu ya mawindo. Kila namba ni ndege iliyoanguka, na ndani ya nyingi walikuwamo vijana wawili, wa umri wenu, wengine wakiwa na majuma machache tu tangu wafike vitani. Mwezi Aprili 1917 peke yake Waingereza walipoteza ndege zaidi ya 200 upande wa magharibi. Marubani wao hawakupewa parashuti katika vita vile vyote, ingawa waliopanda maputo ya kupelelezea walikuwa nazo. Kitambaa kilichopakwa dawa na petroli iliyokuwa karibu na miguu ya rubani viliwaka kwa haraka, na Edward Mannock, mmoja wa mabingwa wa Uingereza, alikuwa akibeba bastola ili ajiue kabla moto haujamla. Aliangushwa mwezi Julai 1918, na ndege yake ikaungua.

Katika shule za Ufaransa watoto walisimuliwa kwamba Georges Guynemer, bingwa aliyepotea juu ya ardhi ya Ubelgiji mwezi Septemba 1917, aliruka juu mno hata hakuweza tena kushuka. Naelewa kwa nini mwalimu aliyefiwa na ndugu zake wote alipenda kuwaambia watoto hivyo. Lakini sisi tulio mbali na msiba ule hatuna udhuru wa kurudia hadithi hiyo badala ya habari yenyewe.

Hata katika siku zile hawakukosekana watu waliomwona aliye mbele ya mtutu. Anthony Fokker anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba maofisa wa Kijerumani walimtaka akaijaribu bunduki yake mpya vitani kwa mkono wake. Alipaa, akaikuta ndege ya Kifaransa yenye watu wawili, akaikaribia hata ikawa haiwezi kumponyoka. Ndipo alipofikiri juu ya watu wale wawili, akageuza, akatua, akawaambia maofisa kwamba kazi ya kuua waifanye wao. Msimfanye mtakatifu, aliendelea kuwauzia ndege hadi vita vikaisha, na akatajirika kwazo. Oswald Boelcke naye, aliyewafundisha marubani wa Kijerumani kanuni za kushambulia, kwamba uje kutoka nyuma, jua likiwa mgongoni pako, na usipige mpaka uwe karibu sana, ndiye aliyejitupa mferejini mwaka 1915 na nguo zake kumwokoa mtoto Mfaransa aliyekuwa akizama. Alikufa mwezi Oktoba 1916 kwa kugongana angani na rafiki yake Erwin Böhme, mtu ambaye kabla ya vita alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa huko Usambara, katika Tanzania ya leo. Moyo wa mtu mmoja uliweza kuyabeba mambo yote mawili. Hilo halinipi amani, wala nisingependa liwape ninyi.

Nimesema kwamba nusu ya pili ya jambo hili ina majina ya kwetu. Bomu la kwanza kutupwa vitani kutoka ndege halikuanguka Ulaya, lilianguka Afrika. Tarehe 1 Novemba 1911 Luteni Giulio Gavotti, Mwitalia, aliruka karibu na Tripoli katika Libya akiwa na mabomu madogo manne ya kushikika mkononi, akayatupa juu ya watu waliopiga kambi Ain Zara na Tajura. Alimwandikia baba yake barua akimweleza jambo hilo jipya. Jina la rubani, aina ya ndege yake na aina ya mabomu yake vimo vitabuni. Majina ya waliokuwa chini hayamo.

Miaka mitano baadaye ikawa zamu ya Ziwa Tanganyika. Wabelgiji na Wajerumani walikuwa wakigombania ziwa, na Wajerumani walikuwa na meli kubwa, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma na kuunganishwa hapo. Uingereza iliwakopesha Wabelgiji ndege nne za aina ya Short 827, zenye mabawa ya meta 16 hivi na maboya ya kutulia majini. Zilivuka bahari, zikapita kwa reli na mito toka Matadi mpaka bara, kisha kwa reli hadi ziwani, zikaunganishwa Mtoa, kaskazini ya mahali palipo mji wa Kalemie leo. Mwezi Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe alivuka ziwa na kuishambulia bandari ya Kigoma. Alikuwa miongoni mwa marubani wa kwanza kuruka katika Afrika ya Kati. Hakurudi kwao, alifariki mwezi Desemba mwaka huo huo huko Niemba, kwenye njia ya reli ya kwenda Kabalo, na kijiji alichozaliwa Ubelgiji kimemwekea sanamu.

Nasoma habari hiyo kwa furaha kila mara. Ndege za mbao na kitambaa juu ya ziwa letu, katika joto linalolegeza gundi, katika mawimbi ambayo mvuvi yeyote wa Kalemie angewaambia wasijaribu! Lakini kila nikiisoma najiuliza nani alibeba. Injini haitembei yenyewe kutoka behewa mpaka mashua, wala petroli, wala mabomu, wala chakula cha askari. Katika vita vile serikali ya kikoloni ya Kongo iliwachukua wapagazi wanaokadiriwa kuwa 260,000. Walichukuliwa vijijini, walitembea kwa miguu hadi Tabora na mbele zaidi, wakabeba mizigo katika mvua na njaa, na wengi wao waliuawa na ugonjwa bila kumwona adui. Mpagazi hana kikombe cha fedha wala sanamu. Huenda babu wa babu yako alikuwa mmoja wao. Akipita rubani juu ya kichwa chake kuelekea Kigoma, huyo mpagazi ndiye Mkongo wa kwanza katika habari za ndege za vita, na hadi leo hayumo katika orodha zenu.

Meli ile Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916, baada ya kupaka mitambo yake mafuta mazito ili isiharibike. Waingereza waliiibua mwaka 1924, ikaanza tena safari mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Wengi wa bandari zetu mnaijua au mmesikia wazee wakiitaja. Mwezi Mei 2015 ndiyo iliyowachukua maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka ufuo wa Kagunga na kuwafikisha Kigoma.

Sasa niuseme mchezo wa bunduki, maana baadhi yenu mtadai kwamba wenyewe hauna hatia kama vita. Haukuzaliwa bila damu. Mwaka 1900, katika mashindano yaliyofanyika Paris pamoja na Michezo ya Olimpiki, wachezaji waliwapiga njiwa hai waliofunguliwa mmoja baada ya mwingine. Aliyeshinda ni Mbelgiji, Léon de Lunden, kwa njiwa 21, na ndege waliouawa kwa jumla walikaribia 300. Watu wengi walichukizwa, na katika Olimpiki haukurudiwa. Sahani ya udongo ilikuwa tayari imekwisha kubuniwa. Ni kazi ya Mmarekani George Ligowsky, mwaka 1880, na husemwa kwamba aliipata fikra hiyo alipoona watu wakirusha makombe yarukeruke juu ya maji, kama mnavyofanya na vijiwe vya ziwani. Tangu hapo ilijulikana kwamba macho, mikono na hesabu vinaweza kupata furaha yao kamili pasipo kiumbe chochote kuumia. Hilo nalihesabu kuwa jambo jema kabisa. Katekisimu inafundisha kwamba kuwatesa wanyama bila sababu hakupatani na heshima ya mwanadamu, na hapa watu walikuta njia ya kuacha bila kupoteza mchezo.

Lakini katika vita vya kwanza, na zaidi katika vya pili, majeshi yaliichukua sahani hiyo hiyo ya udongo, yakawaweka mbele yake vijana waliokuwa wakifundishwa kupiga ndege, kwa sababu ile hesabu ya kutanguliza shabaha haina tofauti. Mchezo uliowaokoa njiwa ukawa shule ya kuwaangusha watu. Kwa hiyo anayesema kwamba ustadi wenyewe ni mbaya amekosea, na anayesema kwamba ustadi wenyewe ni salama amekosea vile vile. Ustadi huenda popote unapopelekwa, na mwenye kuupeleka ni mtu.

Nisingewachosha na hayo yote kama tungekuwa tunaishi mahali pengine. Kijana wa Ulaya anayekwenda kupiga sahani siku ya Jumamosi hurudisha bunduki kabatini, hufunga kwa ufunguo, hurudi nyumbani kula. Wengi wenu mmezaliwa baada ya mwaka 1996. Hamjauona mwaka hata mmoja ambao mashariki mwa nchi hii hapakuwa na makundi yenye silaha. Wapo wanaousoma ukurasa huu ambao wanaujua mlio wa ndege isiyo na rubani kuliko walivyotaka kuujua. Na anayewatafuta vijana wa kupeleka msituni mara nyingi haanzi kwa kuwaambia waue. Huanza kwa kusifu: jicho lako ni kali, mkono wako hautetemeki, wewe si mtu wa kukaa na jembe. Sifa hizo hizo ndizo walizopewa mabingwa wa anga. Kijana aliyekwisha kuzoea kuhesabu walioanguka kama pointi za mchezo, bila kuuliza walikuwa nani, amemrahisishia kazi mtu huyo.

Ndiyo maana siwaombi muache kupenda ndege. Nawaomba muongeze habari, msiipunguze. Kanisa lenyewe halikuchagua njia ya kuwafukuza marubani. Papa Benedikto XV, aliyewaandikia wakuu wa mataifa mwezi Agosti 1917 akiwasihi waache mauaji yale yasiyo na faida, ndiye aliyemtangaza mwezi Machi 1920 Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa wanahewa. Hakuona kinyume kati ya mambo hayo mawili. Na mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilaani kwa maneno makali kitendo chochote cha vita kinacholenga kuangamiza miji pamoja na wakazi wake bila kubagua; ilikuwa miaka 54 tangu Gavotti arushe yale mabomu yake madogo.

Kama mnatafuta rubani wa kuning'iniza picha yake ukutani, ninaye mmoja wa kupendekeza. Edmond Thieffry alikuwa mwanasheria Mbelgiji, akawa bingwa wa anga katika vita, akaangusha ndege kumi, kisha naye akaangushwa na kutekwa. Vita vilipokwisha alirudi kwenye sheria, lakini hakuacha kuruka. Tarehe 12 Februari 1925 aliondoka Brussels na wenzake wawili, akafika Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili, siku ya 51 ya safari. Ndiyo safari ya kwanza ya ndege kati ya miji hiyo miwili. Alifariki mwaka 1929 katika ajali ya ndege humu Kongo, alipokuwa akitafuta njia za ndege za kuunganisha sehemu za ndani za nchi. Alikuwa mtu wa koloni, na njia alizozitafuta zilikuwa kwanza kwa faida ya koloni. Hilo lisemwe pia. Hata hivyo ni ndege ya abiria, si ya vita, ambayo leo humfikisha mgonjwa au barua mahali ambapo barabara imekufa, na nchi yetu bado inawahitaji mafundi wa injini kuliko inavyowahitaji mabingwa.

Katika vikundi vyenu, basi, mkionyesha filamu ya vita vya angani, taa zikiwashwa mwachieni mmoja aliyejiandaa dakika kumi awaeleze walioanguka walikuwa nani na mizigo ilibebwa na nani. Aliye Kalemie au Moba aende kuuliza kwa wazee kama jina la mpagazi mmoja limebaki katika ukoo wowote. Likipatikana, liandikwe na litumwe kwenu wote, lisomwe siku ya kuwaombea marehemu. Na yule kijana aliyeuliza katika kikundi chetu kama anaweza kujaribu kupiga sahani za udongo akipata nafasi ya kusoma nje: ajaribu, ajifunze vizuri, na bunduki airudishe kabatini.

Limebaki swali la wazazi kuhusu bunduki za plastiki zinazouzwa sokoni kabla ya Noeli. Mimi nasema msinunue, na sababu yangu ya kwanza si ya kiroho hata kidogo. Jioni, katika barabara isiyo na taa, askari mwenye hofu hawezi kutofautisha plastiki na chuma. Kwa fedha hiyo hiyo mtoto atapata waya, mbao nyepesi, gundi na kipande cha kitambaa, na ndege yenye mabawa mawili ataiunda mwenyewe kabla ya Mwaka Mpya.